Namna ya Kununua Lori Kuukuu na Kuligeuza kuwa Studio ya Kurekodia

Gari la studio hufanya kazi yake likiwa limesimama. Jambo hili hubadilisha karibu kila kigezo ambacho wanunuzi wa malori wamezoea: mtu wa kubeba vitunguu au saruji huuliza lori linabeba tani ngapi na linapanda mlima wa Kitonga kwa gia ya ngapi, ilhali wewe unapaswa kuuliza boksi lake limeziba kiasi gani, kama chasisi yake itabeba uzito wa kudumu usiopakuliwa kamwe, na litakaa kimya kiasi gani baada ya injini kuzimwa. Unanunua chumba chenye magurudumu, na ni vyema ukague chumba hicho kwa makini yaleyale unayoikagua injini.

Wazo lenyewe si geni katika nchi zetu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika, Kenya na Uganda na gari la kurekodia, akizifuata ngoma huko huko zinakochezwa, na mwaka 1954 akaanzisha Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika ambayo hadi leo inahifadhi rekodi hizo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 kundi la Rolling Stones la Uingereza nalo lilijengewa studio ndani ya lori ili liweze kurekodi kwenye nyumba za kawaida. Gari hilo sasa limehifadhiwa Calgary, Kanada. Magari hayo yote mawili yalifuata kanuni moja, nayo ndiyo inayoanza mwongozo huu, ambao nimeuandika nikilifikiria zaidi soko la Tanzania la malori madogo yaliyokwisha kutumika.

Hatua ya 1: Amua nani atakaa ndani

Wengi wanaoanza hudhani kwamba wapigaji na waimbaji wataingia ndani ya gari. Boksi la lori dogo la Mitsubishi Canter yenye bodi ndefu huwa na urefu wa ndani wa takriban mita 4.3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 na kidogo. Ukishajenga kuta za kuzuia sauti utabakiwa na upana wa mita 1.75 au pungufu. Kwaya ya watu 30 haiingii humo, wala kikundi cha Wagogo chenye ngoma, mazeze na marimba, wala taarab ya Unguja yenye kanuni, udi, fidla na akodiani. Na hata wangeingia, sauti yao ingebanwa na kuta zilizo karibu mno, ikatoka kama ya watu waliofungiwa kabatini.

Kwa hiyo ndani wakae mafundi wawili au watatu pamoja na mitambo, na wanamuziki wabaki nje: ukumbini, kanisani, chini ya mwembe au barazani, mahali ambapo muziki wao umezoea kusikika. Kinachounganisha pande hizo mbili ni nyaya. Ukitaka kabisa kuwa na kijichumba cha kuingizia vokali au kurekodi masimulizi ya mtu mmoja, tenga mita 1.3 upande wa mbele karibu na kabini, lakini fahamu kwamba mita hizo unazinyang'anya kutoka kwa fundi atakayekaa humo siku nzima.

Hatua ya 2: Chagua aina ya lori kwa hesabu ya uzito

Usiende kwa dalali kabla hujapiga hesabu hii. Kwa boksi la vipimo nilivyotaja, kuta na dari vina eneo la takriban mita za mraba 35, na sakafu ni kama mita za mraba 8.6. Plaiwudi nzito ya milimita 18 huwa na kilo 12 hivi kwa mita moja ya mraba. Tabaka moja la kuta na dari ni kilo 420. Sakafu ya matabaka mawili ni kilo 200 nyingine. Pamba ya mawe ya unene wa sentimita 5 huongeza kama kilo 100. Fremu ya mbao, milango miwili mizito, kiyoyozi, betri, meza na mitambo huweza kufika kilo 500. Kabla hata mtu mmoja hajapanda, umekwisha kubeba tani moja na robo, na uzito huo utakaa juu ya springi usiku na mchana kwa miaka yote utakayomiliki gari. Lori linaloitwa la tani 2 litakuwa limebeba zaidi ya nusu ya uwezo wake daima. Tafuta la tani 3 au 4.

Katika ukubwa huo, Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33 ya lita 4.2 na Isuzu yenye injini ya 4HF1 ya lita 4.3 ndizo chaguo la busara, na sababu yake si kwamba ni imara kupita nyingine, bali ni kwamba spea zake hupatikana hadi kwenye miji midogo na fundi yeyote wa gereji bubu ameshazifungua mara nyingi. Studio iliyoharibika njiani ikiwa na mitambo ya thamani kuliko gari lenyewe haiwezi kulala porini wiki mbili ikisubiri pampu kutoka nje.

Kuhusu bodi, mimi hupendelea magari yaliyokuwa ya friji. Kuta zake zimejazwa povu zito, zinazuia joto la jua la Dar es Salaam, na milango yake ina mpira wa kuziba pande zote. Zingatia tu kwamba kuzuia joto si kuzuia sauti: povu ni jepesi, na sauti huzuiwa na uzito. Bodi la friji hukupa mwanzo mzuri, lakini ukuta wa ndani lazima ujenge mwenyewe.

Bodi hilo lina hatari moja ambayo niliijua kwa gharama. Gari langu la kwanza lilikuwa limebeba samaki kwa miaka mingi, na muuzaji alikuwa amelipiga rangi nyeupe iliyong'aa kama sahani. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakivuja kwenye tundu la sakafu na kudondokea chasisi ileile mahali palepale, safari baada ya safari, hata chuma kikalika kutokea ndani. Tuligundua siku fundi alipotaka kutoboa tundu la bolti na ncha ya drili ikazama kama imeingia kwenye muhogo.

Hatua ya 3: Kagua kwa macho, kwa mkono na kwa masikio

Nenda alfajiri, na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, mtu amekwisha kuipasha, na inafaa ujiulize alikuwa anaficha nini. Injini ya dizeli iliyo nzima huwaka baridi bila kusukwasukwa. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Moshi mweusi usiokatika huashiria nozeli au filta ya hewa. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto hudokeza dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukiona ute wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha, na ama uondoke au bei ishuke sana.

Kisha ingia chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na tochi. Hapa mtu wa sauti ana faida kuliko dereva. Gonga chasisi taratibu kila baada ya sentimita 20, kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho, pande zote mbili. Chuma kizima hulia kwa mlio mkavu unaofuatwa na mwangwi mfupi. Chuma kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti bubu, kama kopo lenye mchanga. Gonga zaidi mahali ambapo bodi limekaa juu ya chasisi, kwenye mikono ya springi, na popote palipopakwa rangi mpya nene. Tafuta pia alama za kuchomelea: chasisi iliyowahi kukatwa na kuungwa haifai kabisa kwa kazi hii, hata ikiwa imeungwa na fundi hodari.

Ukimaliza chini, ingia ndani ya boksi saa ambayo jua limepanda, ufungiwe milango kwa dakika tano. Popote mwanga unapopenya, sauti na vumbi hupenya pia. Piga kofi moja kwa nguvu na usikilize. Utasikia mlio unaorukaruka kati ya kuta kama mpira, na huo usikutishe kwa sababu utatibika. Kinachopaswa kukutisha ni bati linalotetemeka na kugongana baada ya kofi, maana hilo ni paneli lililoachia ribiti zake.

Mengineyo ni ya lori lolote, nayo mwachie fundi unayemwamini na usiyeelekezwa kwake na dalali: difu, klachi, mfumo wa breki, bushi za springi na mchezo wa staring. Bushi zilizokwisha ni kero ya ziada kwako, kwa kuwa ndizo zitakazolia mtu anapoinuka kitini katikati ya rekodi.

Hatua ya 4: Karatasi kabla ya pesa

Linganisha namba ya chasisi na ya injini, kama zilivyopigwa kwenye chuma, na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Lori lililobadilishwa injini bila kubadilishwa kadi litakusumbua siku ya kuhamisha umiliki. Dai kadi halisi, kwa sababu gari lililowekwa dhamana ya mkopo mara nyingi kadi yake huwa mikononi mwa mkopeshaji na muuzaji hubaki na nakala. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho ufanyike TRA mapema. Wapo wanaoendesha kwa jina la mmiliki wa zamani kwa miaka, na hushtuka wanapotaka bima ya mitambo.

Mabadiliko unayokusudia, yaani rangi, bodi na matumizi ya gari, yaandikishwe pia. Usisahau kwamba magari yanayofikia uzito wa tani 3.5 hutakiwa kupita mizani, hivyo hesabu yako ya hatua ya pili haitaishia kwenye daftari, itasomwa kwenye mizani ya Vigwaza.

Kuhusu bajeti, nashauri kwamba katika kila shilingi 10 ulizonazo, lori lisile zaidi ya 4. Tatu ziende kwenye kuta, umeme na hewa, mbili kwenye mitambo, na moja ibaki bila kuguswa hadi safari ya kwanza irudi. Wengi hufanya kinyume chake, wakanunua lori zuri na maikrofoni nzuri, kisha wakabandika magodoro ukutani.

Hatua ya 5: Jenga chumba ndani ya chumba

Nianze na trei za mayai, kwa kuwa kila mtu atakuambia uzibandike. Hazizuii sauti. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, lakini bodaboda inayopita nje itasikika vilevile, na zikishika moto hakuna atakayezizima kwa wakati. Godoro la kawaida nalo lina kasoro hizo hizo mbili, na moshi wake una sumu.

Sauti hushindwa na mambo matatu: uzito, kutogusana na kuziba. Kuuongeza uzito wa ukuta maradufu hupunguza sauti inayopenya kwa takriban desibeli 5 hadi 6 tu, kwa hiyo huwezi kuushinda mtaa kwa kurundika mbao peke yake. Gari lingevunjika kabla hujapata ukimya. Faida kubwa hupatikana pale ukuta wa ndani unaposimama peke yake bila kugusa ule wa nje. Tandika vipande vya mpira mzito juu ya sakafu ya boksi, weka juu yake sakafu mpya ya plaiwudi ya matabaka mawili, kisha simamisha fremu ya mbao juu ya sakafu hiyo ikiacha nafasi ya sentimita 3 kutoka kwenye bati. Nafasi iliyo kati ya nguzo za fremu ijazwe pamba ya mawe, na fremu ifungwe plaiwudi kwa ndani. Skrubu moja ndefu iliyopenya hadi kwenye bati huharibu kazi ya wiki nzima, kwa kuwa huwa daraja la sauti; mwambie hivyo seremala wako kabla hajashika drili, na umrudie baada ya chakula cha mchana. Jipsamu, ambayo hutumika sana kwenye studio za majumbani, siishauri hapa. Ni nzito na ya bei nafuu, lakini barabara ya vumbi yenye matuta itaipasua kwenye maungio ndani ya miezi michache.

Viungo vyote vizibwe kwa silikoni. Mlango wa nje ubaki ule wa boksi, na ndani yake uweke mlango wa pili wenye mpira kingoni.

Sasa chumba kitakuwa kimya, na hapo utagundua tatizo jingine: besi. Chumba chenye upana wa mita 1.75 huvimbisha sauti nzito za karibu hezi 98 (mitetemo 98 kwa sekunde), na kimo kinachokaribiana na upana huvimbisha eneo hilohilo, kwa hiyo ngoma na gitaa la besi vitakudanganya kuwa vimejaa ilhali kwenye rekodi ni vyembamba. Weka mito minene ya pamba ya mawe, ya sentimita 10 hadi 15, kwenye pembe zote zinazofikika, na uipange meza ili fundi atazame upande wa urefu wa gari. Hata baada ya hayo, nakushauri usimiksi kazi ya mwisho humo. Rekodi ndani ya gari, hakiki kwa hedifoni, na umiksi nyumbani.

Kuziba huku kuna deni lake, nalo ni hewa. Watu watatu ndani ya chumba cha mita za ujazo 13 kisichopumua huanza kusinzia na kuumwa kichwa ndani ya saa moja. Tengeneza njia mbili za hewa, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, kila moja ikipita kwenye sanduku lenye kona mbili tatu lililofunikwa povu ndani, ili hewa ipite na sauti ichoke njiani. Feni iwe kubwa na izunguke polepole. Acha pia njia ya pili ya kutokea, hata kama ni dirisha la dharura kuelekea kabini, na uweke kizimamoto cha hewa ukaa karibu na mlango.

Hatua ya 6: Umeme usiovuma

Jumlisha matumizi kwanza. Kompyuta, skrini, kadi ya sauti, spika za monita, taa na feni vinaweza kufikia wati 350, na kwa siku ya saa 8 hiyo ni uniti 2.8. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampia-saa 100 huhifadhi takriban uniti 5, hivyo inatosha siku nzima bila kiyoyozi. Ukiongeza kiyoyozi kidogo cha inverta, nunua betri mbili, au uzoee kupoza chumba kabla ya rekodi na kukizima wakati wa kurekodi, jambo ambalo utalifanya hata hivyo kwa sababu ya mlio wake. Betri za asidi ni nafuu, lakini ukitaka zidumu huwezi kutumia zaidi ya nusu ya umeme wake, na uzito wake ni mkubwa. Juu ya paa hutosha paneli 3 za sola za wati 400 hivi.

Betri za studio zitengwe kabisa na zile za kuwashia gari. Inverta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi huingiza mlio wa nyuki ndani ya maikrofoni.

Jenereta libebwe kama akiba, likae mita 40 au zaidi kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unatoka kwenu kulielekea. Moshi wake hauna budi kuwa mbali na tundu la kuingizia hewa, maana gesi yake haina harufu na huua watu waliolala au waliozama kazini. Ukiunganisha umeme wa TANESCO kutoka kwenye jengo, pitisha kwenye transfoma ya kutenganisha, chomeka fimbo ya ethi ardhini, na uhakikishe vifaa vyote vinakutana kwenye nukta moja ya ethi. Mvumo mzito wa hezi 50 unaosikika kwenye rekodi nyingi za ukumbini hutokana na ethi mbili zinazoshindana.

Hatua ya 7: Nyaya na mitambo

Toboa kidirisha kimoja ubavuni mwa gari, chenye kifuniko cha mvua, na soketi zote za maikrofoni zikae hapo ili mlango ufungwe wakati wa kazi. Chaneli 16 zinatosha kwa kwaya na taarab. Kebo ya mita 50 ya nyaya nyingi ni nzito lakini fundi yeyote anaweza kuiunga; mfumo wa kidijitali unaotumia kebo moja ya mtandao, isiyozidi mita 100, ni mwepesi ila ukifa umekufa wote. Funga pia kamera ndogo na maikrofoni ya maongezi, kwa kuwa wanamuziki wasiokuona hawatajua lini waanze. Mitambo yote ikae kwenye raki yenye mipira ya kufyonza mtikisiko.

Hatua ya 8: Jaribu ukimya

Egesha gari mahali tambarare, teremsha miguu minne ya jeki mpaka springi zipumzike, zima kila kitu kisichohitajika, na urekodi dakika mbili za maikrofoni iliyowekwa ndani bila mtu kusema. Sikiliza kwa hedifoni, sauti ikiwa juu kabisa. Utasikia feni ya kompyuta, taa inayonung'unika, bomba la kiyoyozi linalodondosha, na pengine kufuli ya mlango inayogongagonga kwa upepo. Tibu kimoja kimoja na urekodi tena.

Halafu liendeshe kilomita 50 kwenye barabara ya vumbi, likiwa na mzigo wake wote, urudi na kurudia jaribio lilelile. Kila kilichoachia kitajisema chenyewe: skrubu za raki, kona za plaiwudi, klipu za nyaya. Kaza kwa mkono huku mwenzako akisikiliza ndani, na baada ya safari ya kwanza ya kweli, kabla ya kurudisha gari kwenye maegesho, zungukia bolti zote za bodi na chasisi kwa spana.